Ukame Haushiki Panga

Wafugaji na wakulima wakipigana popote Afrika Mashariki, taarifa hufuata mkondo ule ule: mvua zimegoma, malisho yamekwisha, mifugo imeingia shambani, watu wameuana. Msikilizaji hutikisa kichwa kukubali, maana kitu kikiwa haba wenye shida watakigombania, na nani asiyejua hilo? Kisha huongezewa habari za mabadiliko ya tabianchi, akaambiwa joto linapanda na vita vya maji viko njiani, naye hubaki akiona msiba usio na mwenyewe, uliodondoka kutoka mawinguni. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi. Mazingira yakiharibika huwabana watu, hilo halina ubishi. Lakini kati ya kubanwa na kuuana kuna hatua nyingi, na karibu kila hatua ina mkono wa mtu: aliyeziba njia, aliyefuta sheria ya zamani bila kuleta mpya, aliyekula rushwa, aliyetafuta kura. Tukiuacha ukame ubebe lawama zote, hao wote wanaondoka wakiwa wasafi.

Mfano mzuri ni delta ya Mto Tana nchini Kenya. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini humo, kilomita zipatazo 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini, unakoingia Bahari ya Hindi. Kabla ya kufika baharini unatanuka na kuwa tambarare ya hekta 130,000 hivi za vinamasi, nyasi, misitu ya kingoni na mikoko. Wapokomo hulima kando ya mto: mpunga, mahindi, ndizi, maembe. Waorma na Wawardei hufuga ng'ombe; sehemu kubwa ya mwaka hukaa nyika za mbali, na kiangazi kikikaza huteremka deltani. Zamani mto ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka. Maji yaliposambaa, mashamba yalipata tope lenye rutuba, na Mpokomo alipanda kwa kufuata maji yanavyopungua. Miezi hiyo mifugo ilikuwa nyikani, kwenye majani mabichi na madimbwi ya mvua. Kiangazi kilipofika, mavuno yalikuwa yameshaanikwa, ng'ombe wakaja kula mabua na nyasi za mabondeni, na maziwa yakabadilishwa kwa nafaka. Watu hawa hawakuwa malaika, na walizozana mara nyingi; ila mto wenyewe, kwa kupanda na kushuka kwake, ulikuwa ukiwapangia zamu.

Hata hivyo ng'ombe hafiki majini bila njia. Katikati ya malisho na mto kuna mashamba, na kwa sababu hiyo kuna malka, yaani mapito yanayoachwa wazi ili mifugo iteremke kunywa na kurudi. Malka ipite wapi, iwe na upana gani, ifunguliwe lini, hayo yalikuwa mambo ya wazee: baraza la Gasa kwa Wapokomo, Matadeda kwa Waorma. Mahindi yakiliwa, wazee walikwenda kukagua hasara na fidia ikalipwa. Sasa tazama malka moja inavyoziba. Mafuriko hayakuja, na shamba lililo mbali kidogo na mto limekauka. Mkulima anasogea ukingoni, na hapo anakuta ukanda wa ardhi yenye unyevu, haujalimwa, umejaa samadi ya miaka. Anapanda migomba michache pembeni. Msimu wa pili anaongeza mahindi, msimu wa tatu jirani yake anafanya vivyo hivyo upande wa pili. Mchungaji anafika na kundi la ng'ombe mia mbili walionusa maji tangu mbali, na ng'ombe mwenye kiu hajui mpaka. Mimea inakanyagwa. Jioni ng'ombe wawili wanakutwa wamekatwa kwa panga miguuni. Mwenye ng'ombe haendi kwa wazee, kwa sababu mara ya mwisho fidia haikulipwa. Haendi polisi pia, kwa sababu kituo kiko mbali na anajua wataanza kwa kumwomba mafuta ya gari. Anawaita vijana wa ukoo. Ukimuuliza mtu wa nje chanzo ni nini atakwambia ni maji, na hatakuwa amesema uongo. Lakini maji yalipungua kwanza, kisha njia ikaziba, kisha mahali pa kupeleka malalamiko pakakosekana, na hilo la tatu ndilo lililoleta mapanga.

Hata kupungua kwenyewe kwa maji si kazi ya mbingu peke yake. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, Kenya ilijenga mabwawa matano ya umeme katika mto huu, mengine yakiwa Kamburu, Gitaru na Masinga. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kuu. Kazi yake ni kukamata maji ya masika ili yatumike kiangazi. Kwa mitambo ya umeme hiyo ni neema, na taa nyingi za Nairobi zimewaka kwa sababu hiyo. Jiji hilo hupata pia sehemu kubwa ya maji ya bomba kutoka vijito vya bonde hilo hilo. Kwa watu wa chini ya mto maana yake ni kwamba mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba yamepungua nguvu. Na mabwawa yanapojaa kupita kiasi, kama ilivyotokea 2018 na 2024, maji humwagika kwa kishindo, yakasomba nyumba na mazao, bila kujali kalenda ya mpanda mpunga. Juu ya hayo zikaja ramani za wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa serikali wa kupima ardhi na kutoa hati uliwafanya wafugaji waamini kwamba malka zitafungwa kisheria, na mapigano ya wakati huo yaliua zaidi ya watu 100. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta, maelfu ya hekta yakichorwa mezani juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe wawili.

Mauaji yaliyoitikisa Kenya yalikuja 2012. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa, cha Waorma, kilivamiwa na watu wapatao 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba kisasi kiliangukia Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako hata askari polisi 9 waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa zamu ya Kipao, karibu watu 40. Hapa yafaa tuangalie kalenda kwa makini. Ukame uliotajwa kuwa mbaya kuliko yote katika miaka 60 katika Pembe ya Afrika ulikuwa wa 2010 na 2011, na ndipo mifugo kutoka mbali ilipojazana deltani. Kama kiu ndiyo inayoua, mapanga yangetoka mwaka huo. Yalitoka mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimesharudi, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, uliokuwa wa kwanza kuwapa wananchi gavana na serikali ya kaunti yenye fedha zake. Katika kaunti ambayo makabila makubwa ni machache, kuhama kwa vijiji vichache kulikuwa na uzito katika sanduku la kura. Kisha mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Delta iliumia sana, lakini mauaji ya kiwango cha 2012 hayakurudi. Sisemi uchaguzi pekee ndio ulioua. Nasema kwamba anayetaka kujua lini watu watauana asitazame kipimo cha mvua peke yake.

Kaskazini zaidi, Marsabit, jambo hili limechunguzwa kwa subira. Wario Adano na Karen Witsenburg walilinganisha kumbukumbu za mauaji na wizi wa mifugo na takwimu za mvua, na matokeo yao yanakwenda kinyume na taarifa tuliyozoea: watu wengi zaidi waliuawa katika vipindi vya mvua nzuri kuliko vya ukame. Mfugaji hashangai kusikia hivyo. Wakati wa mvua mifugo imenenepa na inaweza kutembezwa mbali kwa haraka, vichaka vimeota vya kujifichia, maji ya kunywa njiani yapo, na vijana hawana kazi nyingi. Ng'ombe aliyekonda ataibwa afikishwe wapi? Ukame ukiingia, nguvu zote zinakwenda kwenye kunywesha, na kisima hakinyweshi bila maelewano. Katika visima virefu vya Waborana kuna msimamizi wa zamu anayejua leo ni kundi la nani, kesho la nani, mgeni ataingizwa wapi. Watu hushuka ngazi kwa ngazi na kupokezana ndoo hadi juu, na kazi hiyo haifanyiki na mkuki mkononi. Ndiyo maana wanaogombana masika huweza kukuta wanahitajiana kiangazi. Uhaba, kumbe, unaweza kuwakalisha watu pamoja, mradi kuna utaratibu wa kukalia.

Hapo mtu aliyesoma takwimu atapinga, na ana haki. Mwaka 2009 Marshall Burke na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba miaka yenye joto zaidi Afrika, kati ya 1981 na 2002, ilikuwa na vita vingi vya wenyewe kwa wenyewe, wakabashiri ongezeko kubwa kufikia 2030. Mwaka mmoja baadaye Halvard Buhaug wa Norway alipitia hesabu hizo kwa kubadilisha vipimo vya vita na vya hali ya hewa, na uhusiano ule ukayeyuka. Yeye aliona kwamba siasa za kubagua makabila na umaskini vinaeleza zaidi. Ubishi uliendelea kwa miaka, mara nyingi kwa ukali usio wa lazima. Kilichonisaidia mimi ni kazi iliyotoka 2019 katika jarida la Nature, ambapo Katharine Mach aliwakusanya wataalamu waliokuwa wakipingana na kuwauliza mmoja mmoja. Makadirio yao yalikuwa kwamba tabianchi imechangia kati ya asilimia 3 na 20 ya hatari ya vita vya ndani katika karne iliyopita, na kwamba itachangia zaidi joto likizidi. Lakini walitaja umaskini, udhaifu wa serikali, ubaguzi kati ya makundi na historia ya vita kuwa na uzito zaidi. Kwa hiyo pingamizi lina nguvu yake: mchango upo na unakua. Ila asilimia 20, hata tukichukua ile ya juu kabisa, inaacha nyingine 80, na hizo zipo ndani ya uwezo wa binadamu kuliko mawingu.

Darfur ndiyo inayotajwa zaidi kama vita vya kwanza vya tabianchi. Juni 2007 Ban Ki-moon, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliandika gazetini kwamba mgogoro ule ulianza kama tatizo la kiikolojia. Alikuwa na sababu: ukame wa miaka ya 1970 na 1980, na njaa ya 1984 na 1985, uliwasukuma wafugaji wa ngamia wa kaskazini kuelekea kusini kwa wakulima. Lakini kati ya njaa ile na vita vya 2003 kuna karibu miaka 20, na mvua za miaka iliyotangulia vita hazikuwa zimeporomoka. Nini kilitokea katikati? Zamani ardhi ya Darfur ilisimamiwa kwa mfumo wa hakura, na mifugo ilipita kwenye njia zinazojulikana kwa tarehe zinazojulikana, machifu wakisuluhisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Nimeiry iliifanya ardhi isiyosajiliwa kuwa mali ya serikali na kuvunja utawala wa machifu, bila kuweka chombo kingine kilichoaminika vijijini. Silaha zikaingia kutokana na vita vya Chad na Libya. Watu wa Darfur walipoasi wakidai kusahauliwa, Khartoum haikutuma mahakama. Iliwapa silaha wanamgambo wa Janjaweed. Serikali iliyochagua hivyo ingefurahi sana kusikia dunia ikisema mkosaji ni jua.

Tanzania nayo ina ushahidi wake, na hauna raha. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, wakulima 38 waliuawa na wafugaji wa Kimaasai. Wengi walisema ni uhaba wa ardhi na maji. Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walipofuatilia, walikuta historia ndefu zaidi: sera zilizoona ufugaji wa kuhama kama uzembe, mifugo kusukumwa kutoka kwenye maeneo ya mabondeni iliyoyategemea kiangazi, na rushwa iliyoua imani ya pande zote mbili. Mkulima aliona kwamba kesi ikifika ofisini mwenye ng'ombe atatoa kitu na kuachiwa. Mfugaji aliona kwamba kila afisa anamtazama kama mfuko unaotembea. Ofisi ambayo ingekuwa msuluhishi ikageuka soko, na kila upande ukaanza kujilinda wenyewe. Bonde la Usangu ni mfano wa namna nyingine. Tangu 1993 hivi mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi, umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu ukatikisika, na wafugaji wakanyooshewa kidole. Watafiti walioupima mto walieleza kwamba mifereji ya mpunga, ikiwemo ya mashamba makubwa, ilikuwa ikichukua sehemu kubwa ya maji ya kiangazi. Hata hivyo 2006 na 2007 ng'ombe kwa maelfu mengi waliswagwa kutoka kinamasi cha Ihefu, huko Usangu, kuelekea Lindi na Pwani. Mto haukupona kwa kuondoka kwao, na miaka iliyofuata migogoro ya wakulima na wafugaji ikasikika Rufiji na Kilwa, ambako awali habari hizo hazikuwa nyingi. Mgogoro ulipewa nauli ukahamishwa wilaya.

Kama kuvunjika kwa utaratibu ndiko kunakoleta vita, basi kuujenga upya lazima kulete amani, na hilo limejaribiwa. Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukame na mapigano ya koo vilikuja pamoja. Wanawake wa sokoni, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianza kwa jambo dogo: kuhakikisha kila mwanamke anauza na kununua sokoni bila kujali ukoo. Wakawaendea wazee, wazee wakakaa, yakatoka makubaliano ya Al Fatah mwaka 1993, na baadaye kamati ya amani iliyowaunganisha wazee, wanawake, vijana, maafisa wa serikali na polisi. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mwaka 2001 wilaya za kaskazini zilipitisha Azimio la Modogashe, na ukilisoma utaona halizungumzii upendo. Linazungumzia nani aombe ruhusa kwa nani kabla ya kuingiza mifugo kwenye malisho ya jirani, nani arudishe mifugo iliyoibwa, na kiasi gani kilipwe mtu akiuawa. Ukame wa Wajir haukwisha, mvua haikuongezeka hata tone kwa sababu ya azimio lolote, lakini mauaji yalipungua sana.

Mabaraza haya yana wapinzani, na nusu ya wanayosema ni kweli. Wazee wengi walikuwa wanaume watupu wakiamua mambo ya ardhi ambayo wanawake ndio wanaolima. Fidia ya kifo kwa mifugo huweza kumwacha muuaji mwenye ng'ombe wengi akitembea kifua mbele. Na mzee hawezi kumwamuru kijana mwenye AK-47 kama alivyomwamuru babu yake mwenye mkuki. Tangu ghala la silaha la Moroto lilipoporwa mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, mpaka wote wa Uganda, Kenya na Sudan umejua hivyo. Ndiyo maana sitetei kurudi zamani. Mafanikio ya Wajir yalitokana na kuchanganya: wanawake waliokuwa nje ya baraza waliingia, na nguvu ya dola ikasimama nyuma ya walichokubaliana. Mzee bila polisi anashindwa na bunduki, na polisi bila mzee hajui hata malka iko wapi.

Kuna pingamizi la hesabu, nalo ni zito zaidi. Sensa ya Kenya ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6, ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Ardhi ni ile ile. Kanuni zilizotungwa na watu wachache kwenye nyika pana zitawezaje kutosha? Jibu langu ni kwamba hazitoshi kama zilivyokuwa, na kwamba wingi wa watu unadai kanuni zilizo wazi zaidi, zenye ramani na sahihi. Baada ya mauaji ya Tana ilionekana kwamba linawezekana. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyohusu miradi mikubwa ya deltani, kwamba mipango ya eneo hilo itengenezwe kwa kuwashirikisha wananchi. Miaka miwili baadaye ukatoka mpango wa matumizi ya ardhi wa delta, uliopatikana baada ya vijiji kukaa na kuonyesha wapi ni pa kulima, wapi ni pa malisho, na malka ziko wapi. Mwaka 2016 Kenya ikapata Sheria ya Ardhi ya Jamii. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wa konokono, na karatasi haimzuii mtu kupanda migomba. Lakini mzozo juu ya mstari uliochorwa hadharani huweza kuamuliwa na hakimu. Mzozo juu ya mstari uliomo kichwani mwa marehemu huamuliwa na mwenye nguvu.

Hata kati ya mataifa hali ni hiyo hiyo, ingawa hapa nitapita haraka. Aaron Wolf wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon na wenzake walikusanya matukio 1,831 ya nchi kushirikiana au kugombana kuhusu mito katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ushirikiano ulizidi ugomvi kwa zaidi ya mara mbili. India na Pakistan zilipigana 1965 na 1971 huku mkataba wao wa Mto Indus wa 1960 ukiendelea kufanya kazi. Ulikuja kusimamishwa na India 2025, na sababu iliyotolewa ilikuwa ugaidi, hakuna aliyedai kwamba maji yamekwisha. Ethiopia imezindua bwawa lake kubwa la Nile mwaka huo huo baada ya zaidi ya miaka kumi ya vitisho kutoka Misri, na vita vilivyotabiriwa havijaja.

Je, maana yake ni kwamba miti haina habari na amani? Mwaka 2004 Wangari Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, hata Norway kwenyewe walikuwepo wanasiasa waliouliza kupanda miche kunahusiana vipi na amani. Jibu lilikuwa katika historia yake. Mwaka 1989 alisimama kuzuia jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, na 1999 alipigwa akijaribu kupanda miti Karura, msitu uliokuwa ukigawiwa wenye vyeo. Aliyempiga hakuwa na ugomvi na mche. Maathai alielewa kwamba msitu unaoibwa ni sheria inayovunjwa, na kwamba nchi ambayo mkubwa anaweza kujigawia chemchemi haina sababu ya kumhubiria mchungaji wa deltani aheshimu mpaka wa shamba. Alizaliwa Nyeri, kwenye mabega ya Aberdare, huko huko ambako Tana huanzia. Utunzaji wa vyanzo na utaratibu wa kugawana huhitajiana, kwa sababu makubaliano yaliyofungwa mto ukiwa umejaa hayatadumu mto ukibaki mchanga.

Hapa ndipo kamati za amani za vijijini zinapofika mwisho wa uwezo wao. Mpokomo na Mworma wanaweza kukaa chini ya mwembe, wakubaliane malka ngapi zifunguliwe na mwezi gani, lakini wanagawana masalio. Kiasi cha maji kitakachofika kimeshaamuliwa Masinga, na watu ambao pengine hawajawahi kufika Garsen, mji wa deltani. Mto Senegal ulipitia njia hii kwa gharama kubwa. Aprili 1989 ugomvi wa wafugaji na wakulima karibu na Diawara uliwasha moto kati ya Senegal na Mauritania, mamia wakauawa na makumi ya maelfu wakafukuzwa makwao, wakati ambapo ardhi ya bonde ilikuwa imepanda thamani kwa sababu ya mabwawa mapya na wenye vyeo walikuwa wakiimezea mate. Shirika la pamoja la mto huo, lililoundwa 1972, halikuvunjika. Mwaka 2002 nchi wanachama zilisaini mkataba wa maji unaotambua kwamba bwawa la Manantali, pamoja na kuzalisha umeme, liachilie mafuriko ya kupangwa kila mwaka hali ikiruhusu, kwa ajili ya mashamba, malisho na samaki wa chini ya mto. Mafundi wa umeme hawakufurahia, na miaka mingine mafuriko hayo yamekuwa haba. Lakini mkulima wa huko anayo ibara ya kuonyesha anapodai maji yake. Kenya ina mabwawa matano juu ya Tana na delta moja chini yake, na kuandika ibara kama hiyo hakuhitaji kusubiri mvua.